Kapteni Lugard na askari aliowaacha

Frederick Lugard alikaa Uganda miezi 18 tu. Aliingia Kampala tarehe 18 Desemba 1890, kapteni wa miaka 32 aliyeajiriwa na kampuni ya biashara, na Juni 1892 akafunga mizigo akaelekea pwani. Alipokufa mwaka 1945 alikuwa Lord, alishatawala Nigeria na Hong Kong, na wakubwa wa Ulaya walimhesabu kuwa bingwa wa kuitawala Afrika. Vitabu tunavyofundishia vinaipa ile miezi 18 kurasa zake kamili. Askari wa Kisudani aliowatoa Ziwa Albert, ambao bila wao ile kazi isingesimama, wanapewa mstari mmoja, na baadhi ya vitabu haviwataji kabisa.

Mimi ni kizazi cha watu hao. Ni Mnubi wa Bombo, nafundisha historia na Kiswahili sekondari, na nilizaliwa kambini Jinja wakati baba yangu akiwa sajenti. Kinubi ni cha nyumbani, Luganda cha sokoni, na Kiswahili nilikipata kwenye layini za askari, ambako watoto wa Kiacholi, Kilugbara, Kiteso na Kinubi hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Kila nikifika kwenye mada ya Lugard, kuna mtoto wa Kinubi darasani ananyosha mkono: mwalimu, na sisi tulitokea wapi? Siwezi kumjibu bila kumweleza kapteni huyu tangu mwanzo, na siwezi kumweleza kapteni bila kumtaja Selim Bey, mkuu wa askari hao. Kwa hiyo leo naandika yote mawili kwa pamoja.

Lugard alizaliwa Madras, India, tarehe 22 Januari 1858. Baba yake alikuwa kasisi, mama yake alifariki mtoto angali mdogo, akalelewa Uingereza katika nyumba ya dini isiyo na pesa. Akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, lakini mwaka 1878 Uingereza iliogopa kuingia vitani na Urusi, wanafunzi wakatolewa kabla ya wakati wakapewa vyeo. Yeye akapangiwa kikosi cha Norfolk kilichokuwa India. Kuanzia hapo alikwenda vita hadi vita: Afghanistan mwaka 1879 na 1880, Suakin kwenye pwani ya Sudan mwaka 1885, Burma mwaka 1886 na 1887. Burma ndiko alikopata nishani yake kubwa ya kwanza, ile ya DSO. Kushika jina la Burma ni muhimu, nitalirudia.

Halafu maisha yakamharibikia. Alimpenda mwanamke mmoja, mwanamke akamwacha, na mwili wake ulikuwa umechoka kwa homa na vita. Aliondoka jeshini kwa likizo, akapanda meli kwa nauli ya watu maskini, akawa anatafuta popote penye hatari. Mwaka 1888 akafika Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako kampuni ya Waingereza ilikuwa ikipigana na mfanyabiashara Mlozi aliyekuwa akiuza watumwa. Lugard aliongoza shambulio kwenye boma, risasi moja ikamjeruhi mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ulimsumbua siku zote.

Hapa namtendea haki. Aliichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake, na alimwaga damu yake mwenyewe kwa ajili hiyo. Mwanafunzi wangu akiandika kwenye mtihani kwamba Lugard alikuja Afrika kutafuta utajiri tu, namkata alama. Mtu aliyetaka utajiri asingeishi alivyoishi.

Mwaka uliofuata akaajiriwa na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao Mombasa chini ya William Mackinnon. Kampuni ilikuwa na hati ya kifalme na madeni mengi. Walimtuma afungue njia kutoka pwani kwenda bara, akajenga vituo kandokando ya mto Sabaki, kisha Oktoba 1890 akajenga ngome Dagoretti, kwenye nchi ya Wakikuyu, baada ya kula yamini na Waiyaki wa Hinga. Kutoka hapo akaamriwa aharakishe kwenda Buganda. Wajerumani na Waingereza walikuwa wamekwisha kugawana ramani mwezi Julai, na Buganda ilikuwa upande wa Waingereza bila Kabaka Mwanga kuulizwa.

Alikuwa na nini mkononi? Askari wa Kisudani wasiozidi kombania moja, Wasomali wachache, wapagazi wa pwani wapatao 270, na bunduki moja ya rashasha aina ya Maxim iliyochakaa, ile ile aliyoivusha mvumbuzi Stanley barani. Kwa jeshi la namna hiyo akavuka Nile bila kungoja ruhusa ya Mwanga, akakataa mahali alipoonyeshwa pa kupiga kambi, akachagua kilima chake mwenyewe kinachotazamana na ikulu ya Mengo. Tarehe 26 Desemba mkataba ukatiwa saini. Mwanga alitia alama yake akiwa amezungukwa na watu wenye bunduki, na katika miaka miwili iliyotangulia alikuwa amepinduliwa, amekimbilia kusini ya ziwa na kurudishwa kwa vita. Baraza lake lilikuwa limegawanyika: Waprotestanti walioitwa Bangereza, Wakatoliki walioitwa Bafalansa, na Waislamu waliofukuzwa mjini wakiwa mpakani mwa Bunyoro chini ya Mwanamfalme Mbogo.

Anayepanda leo Old Kampala hataiona ngome hiyo kileleni. Pale umesimama msikiti mkuu wa taifa, na mabaki ya kumbukumbu ya ngome yamehamishiwa pembeni ya kilima. Jumba la Makumbusho la Uganda nalo lilianzia hapo hapo mwaka 1908 kabla ya kuhamishwa. Ninapowapeleka wanafunzi, tunaanza na mnara wa msikiti, kwa kuwa kutoka juu mtu anaviona Mengo, Namirembe na Rubaga kwa jicho moja, na vita vya 1892 vinaeleweka bila mwalimu kusema sana. Umbali wa risasi. Mtu aliyeshika kilima hiki na Maxim alikuwa ameshika koo la mji.

Lakini Maxim moja mbovu na kombania moja havitoshi kushika nchi. Lugard alilijua hilo kuliko mabosi wake wa Mombasa na London. Na ndipo hadithi yetu sisi inapoanza.

Huko kaskazini, katika jimbo la Equatoria lililokuwa mali ya Misri, kulikuwa na jeshi lililosahauliwa. Gavana wake alikuwa Emin Pasha, Mjerumani aliyesilimu. Vita vya Mahdi huko Sudan vilipokata njia ya Khartoum, Emin na askari wake walibaki peke yao kwenye Nile ya juu miaka kadhaa, bila mshahara na bila barua. Mwaka 1888 Stanley alifika na msafara wake, na mwaka 1889 akamchukua Emin na wachache waliokuwa tayari, akaenda nao Bagamoyo. Wengine waliachwa. Walioachwa waliongozwa na Selim Bey, Msudani mrefu, mnene, mwaminifu kwa Khedive, mtawala wa Misri, na kambi yao ilikuwa Kavalli, kusini magharibi mwa Ziwa Albert.

Lugard aliwatafuta kwa makusudi. Mwaka 1891, baada ya kupigana mpakani na Waislamu wa Buganda na jeshi la Kabarega, mfalme wa Bunyoro, akaelekea magharibi badala ya kurudi Kampala. Njiani akajenga ngome kwenye ziwa la chumvi la Katwe, akamrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro, na mwezi Septemba akafika Kavalli.

Mkutano huo nimeusoma mara nyingi na kila mara unanigusa. Hao walikuwa wanajeshi waliokuwa wamekaa porini kwa miaka, na bado walipiga gwaride. Bado walikuwa na makarani wanaoandika. Nguo za dukani zilikuwa zimekwisha kitambo, basi walipanda pamba, wakasokota, wakafuma wenyewe. Selim Bey hakukubali kuhama kwa sababu mzungu amekuja na maneno mazuri. Alisema yeye ni askari wa Khedive, na hawezi kuitumikia bendera nyingine bila idhini ya mkuu wake. Lugard akalazimika kuandikiana naye mapatano yenye sharti hilo: mtaitumikia kampuni, ikiwa Khedive ataridhia. Mtu ambaye serikali yake imemtupa, na bado anadai ruhusa yake. Ninapowasomea wanafunzi wangu sehemu hii, nawaambia huyo ndiye afisa wa kwanza wa kujifunza kwake katika mada hii nzima.

Basi wakahama. Askari walikuwa wapatao 600. Pamoja na wake, watoto, watumishi na wafuasi, watu walizidi 8,000. Fikirini msafara huo unashuka na kupanda vilima vya Toro, akina mama na vyungu, watoto mgongoni, mbuzi, vipofu, wagonjwa. Na tusidanganyane juu ya nani alikuwa ndani yake. Wengi wa hao wanawake na watumishi walichukuliwa kwa nguvu katika nchi walizopita: Wabari, Wamadi, Wakakwa, Walendu, Waalur, Wamakaraka. Bibi mzaa bibi yangu alikuwa Mlendu. Hilo ndilo pekee lililobaki juu yake nyumbani kwetu. Jina alilopewa na mama yake halijulikani, maana aliingia kambini akapewa la Kiislamu, akajifunza Kinubi, akazaa askari. Kapteni aliyejeruhiwa mikono akiupinga utumwa aliongoza msafara uliojaa mateka, kwa kuwa aliwahitaji waume zao. Alijua, na aliandika kuhusu hilo kwenye shajara zake, ambazo alizijaza kila usiku hata akiwa na homa.

Wengi wao hakuwafikisha Kampala. Aliwapanga kwenye mlolongo wa ngome kati ya Toro na Bunyoro ili kumzuia Kabarega, akaondoka na Selim Bey na askari kama mia hivi. Ngome hizo hazikuwa na usimamizi wa kutosha, wala mshahara wa maana. Kampuni haikuwa na fedha wala vitambaa vya kuwalipa. Wakaishi kwa kuchukua. Waliwapora Watoro chakula, mifugo na watu, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Gerald Portal alipokuja mwaka 1893 aliamuru ngome hizo ziondolewe. Nimeshawahi kukaa na mzee wa Fort Portal akanisimulia yaliyowapata watu wa kwao mikononi mwa watu wa kwetu. Alikuwa na haki ya kunisimulia. Nilichomjibu ndicho ninachoandika hapa: ukimpa mtu bunduki, ukampa ngome, ukamnyima mshahara, umeshaamua nani atamlisha.

Lugard aliporudi Kampala siku ya mwisho ya mwaka 1891 alikuta barua: kampuni imefilisika, ondoka Buganda. Hakuondoka. Michango ya waumini wa kanisa la Anglikana kule Uingereza ilikuwa imewapa muda kidogo. Na tarehe 24 Januari 1892 vita vikalipuka Mengo. Mprotestanti aliuawa katika ugomvi wa bunduki, Mwanga akamwachia huru Mkatoliki aliyemuua, Lugard akadai adhabu ya kifo, Mwanga akakataa. Lugard akawagawia Waprotestanti mamia ya bunduki. Wakatoliki walikuwa wengi na walipigana kwa ushujaa, lakini Maxim ilifyatuliwa kutoka kilimani, na siku hiyo hiyo Rubaga ilikuwa inawaka moto. Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na siku chache baadaye kisiwa nacho kikapigwa kwa Maxim mitumbwi ikiwa imejaa wanawake na watoto. Ziwa likala watu.

Ufaransa ikalalamika rasmi. Uingereza ikamwagiza Kapteni Macdonald, mhandisi wa jeshi aliyekuwa akipima njia ya reli, achunguze, na ripoti yake ikamlaumu Lugard waziwazi. Mwaka 1898 wamisionari Wakatoliki walilipwa fidia ya pauni 10,000. Waganda waliozama Bulingugwe hawakulipwa na yeyote.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja ambalo naliheshimu. Alimtuma mkalimani wake Msomali, Dualla Idris, aliyejua Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, kwenda kuzungumza na Waislamu walioko mpakani. Mbogo akakubali kurudi kwa amani, na Waislamu wakapewa saza, yaani wilaya, tatu. Selim Bey alishiriki katika kumhakikishia Mbogo usalama wake. Kisha, Juni 1892, kapteni akaondoka. Alifika London mwezi Oktoba, akaandika barua magazetini, akahutubia mji baada ya mji, akachapisha kitabu cha juzuu mbili, akiishawishi serikali isiiache Uganda. Alishinda. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa himaya ya Uingereza.

Ahadi ni deni, na deni hilo alimwachia mtu mwingine.

Mwaka 1893 Waislamu walidai ardhi zaidi, na Macdonald, aliyekuwa amekaimu uongozi, akajitayarisha kuwapiga. Selim Bey akaandika kwamba hatakubali Mbogo na Waislamu wapigwe. Alikuwa mgonjwa, amevimba mwili, hawezi kutembea vizuri. Wakamnyang'anya silaha watu wake, wakamshtaki kwa uasi, wakamhukumu kupelekwa pwani. Hakufika. Alifariki njiani, Naivasha, mwaka huo huo wa 1893. Mbogo akapelekwa Zanzibar, akarudi mwaka 1895. Saza mbili kati ya tatu za Waislamu zikachukuliwa, ikabaki Butambala. Lugard aliposikia habari za Selim Bey alisikitika na kumtetea kwa maandishi. Sikatai. Lakini wakati huo alikuwa anajiandaa kwenda Afrika Magharibi kushindana na Wafaransa kufika mji wa Nikki, na Novemba 1894 aliwatangulia na kupata mkataba wake.

Askari wa Kavalli wakabaki. Walipigana Bunyoro dhidi ya Kabarega, wakapelekwa Mau, wakapelekwa Nandi, wakarudishwa, wakatumwa tena. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wapagazi wa pwani waliowabebea mizigo, ulichelewa miezi kadhaa, na mara nyingi ulilipwa kwa vitambaa. Mwaka 1897 wakaamriwa kwenda safari nyingine ndefu kaskazini, chini ya Macdonald yule yule, na wake zao waachwe nyuma. Kombania kadhaa zikakataa. Walitoka Eldama Ravine wakaandamana hadi ngome ya Luba, Busoga, ukingoni mwa ziwa. Meja Thruston, aliyejua Kiarabu na kuwapenda askari wake, aliingia ngomeni akiamini kwamba watamsikiliza. Walimfunga, na baada ya mapigano ya kwanza ya Oktoba wakampiga risasi yeye na wenzake wawili. Serikali ikaleta askari wa Kihindi. Uasi ulizimwa mwaka 1898 kwa damu nyingi ya pande zote.

Babu mzaa babu yangu hakuasi. Alikuwa kwenye kombania iliyobaki upande wa serikali, na akapigana na watu aliokuja nao kutoka Kavalli. Medali yake anayo shangazi yangu, ndani ya kopo la chai pamoja na shanga na hati ya nyumba. Ni ya fedha, imepauka. Upande mmoja Malkia Victoria, upande wa pili mwanamke amesimama na mkuki wa ncha tatu na simba pembeni. Utepe ulikuwa nusu manjano nusu mwekundu, sasa ni nyuzi. Juu yake pana kipande cha chuma kilichoandikwa Uganda 1897-98. Ukingoni, kwa herufi ndogo za mashine, pana namba, cheo na jina, na jina limekosewa: herufi mbili zimegeuzwa. Ukiiweka kiganjani ni nzito kuliko unavyotarajia. Shangazi huiosha kwa majivu na ndimu kila Idi, na nimemwomba aache kwa kuwa maandishi yanalika. Ananijibu, mwanangu, hiki ni kitu cha babu, nikiacha kukiosha nitamwambia nini?

Nimewahi kumuuliza kama babu huyo aliwahi kusema neno juu ya waliokuwa Luba. Alisema kwamba nyumbani kwao mtu hakutaja neno Luba wakati wa kula.

Baadaye ya Lugard naipita haraka, maana imeandikwa kila mahali. Mwaka 1897 alipewa kazi ya kuunda jeshi jipya la mpaka wa Afrika Magharibi, akalipa msingi wa askari Wahausa. Tarehe 1 Januari 1900 akawa mkuu wa Nigeria ya Kaskazini, mwaka 1903 akaiteka Kano na Sokoto, akawaacha masultani kwenye viti vyao wamtawalie nchi. Utawala huo wa kupitia wenyeji ndio uliompa sifa. Mimi naamini mbegu yake aliiokota hapa, alipoona kwamba bila Mwanga asingeweza kuwatawala Waganda: baada ya kumpiga kwa Maxim alituma watu kumbembeleza arudi Mengo, na mkataba wa pili ukatiwa saini Aprili 1892. Mwaka 1906, huko Satiru karibu na Sokoto, wanakijiji walioasi waliuawa kwa mamia, na utawala uliofanya hivyo ulikuwa wake. Mwaka 1907 hadi 1912 alikuwa gavana Hong Kong, akaanzisha chuo kikuu. Mwaka 1914 akaziunganisha Nigeria mbili kuwa moja. Akastaafu 1919, akaandika, akakaa kwenye tume ya Umoja wa Mataifa wa zamani iliyosimamia nchi walizonyang'anywa Wajerumani na Waturuki, na mwaka 1928 akapewa cheo cha Baron. Alifariki Abinger, Uingereza, tarehe 11 Aprili 1945.

Na watoto wa Kavalli? Mwaka 1902 vikosi viliunganishwa kuwa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Uganda ikapata batalioni ya nne, na Bombo ikawa kambi yake. Ndiyo maana sisi tuko Bombo. Walipigana Afrika Mashariki ya Wajerumani katika Vita vya Kwanza. Katika Vita vya Pili wakapandishwa meli kwenda Burma. Babu yangu mzaa baba alikuwa huko, kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua na matope yasiyokwisha, akipanda vilima nchi ile ile ambako Lugard, afisa kijana, alitafuta sifa mwaka 1886. Lugard alipofariki, wajukuu wa watu aliowahamisha walikuwa bado hawajarudi nyumbani.

Yaliyofuata watu wa Bombo wanayajua kwa miili yao. Mwaka 1979 Amin alipoanguka tulilipishwa wote, aliyekuwa askari na aliyekuwa akifuma vikapu vya tabaga sokoni. Nyumba ziliporwa, watu wakakimbilia Sudan, Zaire na Kenya, na wengi hawakurudi mpaka baada ya 1986. Tuliitwa watu wa kuja, warudi kwao. Katiba ya 1995 ndiyo iliyotutaja kwa jina miongoni mwa jamii za Uganda. Kutoka Kavalli hadi mstari huo wa katiba ni miaka 104, na kwa sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa jeshini kuilinda nchi tuliyoambiwa si yetu.

Kwa sababu hiyo sikubali Lugard afundishwe peke yake. Wala sitaki afutwe. Kuna wenzangu wanaosema tumwondoe kabisa, tufundishe Kabarega na Mwanga basi. Tukimwondoa, mtoto wa Kinubi hataelewa amefikaje Bombo, mtoto wa Masaka hataelewa kwa nini Buddu, saza walilopewa Wakatoliki baada ya vita vya 1892, ina Wakatoliki wengi hivyo, na mtoto wa Butambala hataelewa kwa nini saza lake ndilo la Waislamu. Afundishwe, na kando yake awekwe Selim Bey na sharti lake la Khedive, awekwe Dualla Idris, wawekwe akina mama wa Kilendu waliopoteza majina. Darasani kwangu swali la mtihani halisemi tena "eleza mchango wa Lugard". Linasema: "Lugard aliwaahidi nini askari wa Kavalli, na nani alilipa?" Majibu yamekuwa marefu kuliko nilivyozoea, na mengine yameandikwa baada ya mtoto kwenda kumuuliza nyanya yake.

Nimeanza kukusanya. Wazee wa KAR waliobaki ni wachache mno, lakini masanduku yapo. Kama nyumbani kwenu, Bombo, Arua, Entebbe, Hoima, Kibera, au popote Wanubi walipo, kuna medali, kitabu cha kuachishwa jeshi au picha ya mtu mwenye tarbushi, nipigie picha unitumie. Medali naomba uipige ukingoni, kwa mwanga wa asubuhi, ukiigeuza pole pole, maana jina limeandikwa hapo. Na tafadhali msiioshe kwanza.